Diski Isiyokuwa na Ngoma

Wimbo wenyewe haukuwa mrefu. Ukiweka sufuria ya chai kwenye makaa wakati sindano inagusa diski, wimbo unaisha kabla maji hayajaanza kulia. Nimejaribu. Naanza na hilo kwa sababu watu wachache wa mji wetu wa Baraka wanaoikumbuka habari hii wanaieleza kama jambo kubwa, na mimi ambaye shule yangu iliishia darasa la nne naogopa kuwafuata na kutia chumvi. Ilikuwa diski ndogo yenye tundu kubwa katikati, ya yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, na orkestra yake. Ilitengenezwa miaka ile ya Zaire, wakati kila mtu alikuwa mwana wa Chama, hata mtoto aliye mgongoni. Haikusikiwa na wengi, na wengi wa walioisikia hawakuipenda.

Yaya alikuwa anapenda violini. Hakuwahi kuiona hata moja, ila kwenye kalenda ya mwaka uliokwisha, iliyotundikwa katika duka la sabuni. Lakini jioni radio ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa inaleta nyimbo za mbali, na nyuma ya mwimbaji kulikuwa na violini nyingi, zinapanda na kushuka pamoja. Yaya alikuwa anazima taa ya mafuta ili asikie vizuri. Sijui taa inahusiana vipi na masikio, lakini tulikaa hivyo gizani, na ilikuwa kweli, nyumba ilikuwa kama imeelea.

"Unasikia?" alikuwa ananiuliza. "Ni kama ziwa iko napumua."

Alitaka wimbo wake mmoja uwe na kitu cha namna ile nyuma yake. Orkestra yake ilikuwa na gitaa, ngoma, tarumbeta moja ya kuazima, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchezesha watu siku za Chama, mbele ya wakubwa. Violini haikuwako Baraka, haikuwako Fizi mjini, na huko juu Minembwe ndiyo kabisa. Basi yaya akaanza kuokota vitu vya kukaa mahali pake. Aliwasikia wasichana wa kwaya wakivuma midomo imefungwa walipokuwa wanafua. Aliwasikia vijana wa Bibokoboko walioshuka kutoka milimani siku ya soko na siagi na ng'ombe, wanaimba sauti ndefu isiyokatika. Halafu akanitazama mimi, kwa sababu mimi nilikuwa napiga armonium kanisani.

Niseme ukweli juu ya kupiga kwangu. Mke wa mwalimu mmoja alinifundisha nyimbo za kitabu, chache, na zaidi ya hizo sikujua kitu. Armonium ile ilikuwa ya shule ya misheni, na siku ya Mungu, yaani Jumapili, ilikuwa inaletwa kanisani. Ilikuwa sanduku lenye pedali mbili za kusukuma pumzi, na pedali moja ilikuwa inavuja. Kanisani kwetu wimbo unaanza hivi: nasukuma pumzi, nashika vidole vyote pamoja, sauti moja nzito inatoka, watu wote wanasimama, kimya kidogo, kisha tunaimba. Hakuna anayekaa mpaka wimbo umeisha. Nilijua kuanza wimbo kwa njia hiyo moja.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa shemasi wa kanisa hilo, na fundi wa mitumbwi. Hakuwa mtu wa kugombana. Yaya akishika gitaa nyumbani, papa alikuwa anasimama tu, anachukua kofia, anatoka. Kwa miaka mingi nyumba yetu iliishi hivyo, gitaa linaanza, kiti kinalia, mlango. Mwaka ule mjomba wetu wa Kalemie, aliyekuwa kwenye kazi ya treni, akatuma habari kwamba nafasi ipo ya kijana mmoja, na hawataishika daima. Papa akamwita yaya mbele yetu sote.

"Banasema unatafuta kutoa diski."

"Ndiyo, papa."

"Toa. Ikikuja, leta hapa. Mi nitaketi kwa kiti yangu, diski itaimba. Ikifika mwisho niko naketi, shika gitare yako mpaka uzee, sitasema tena. Nikisimama katikati, utaenda Kalemie kwa mujomba wako."

"Sawasawa, papa," yaya akasema.

Mama alisema kwamba hayo ni mambo ya kuchezea mtoto. Lakini wale wawili walipeana mkono, na katika nyumba yetu mkono ukishapeanwa haurudi.

Mwenye mashine ya kurekodi alikuwa mfanyabiashara wa Bujumbura, mtu mpole mwenye mafua yasiyoisha, aliyekuwa anazunguka miji ya ziwa kutafuta orkestra ambazo hazina diski. Alifika na boti asubuhi, na boti hiyohiyo ilikuwa imrudishe kesho yake. Alisema wazi kwamba hatarudi tena upande wetu, kwa sababu karatasi za mpaka zilimchosha. Orkestra ilikuwa imefanya mazoezi mwezi mzima. Ngoma zilikuwa zimewekwa juani zikaze. Na saa hiyohiyo, tukiwa bado tunamsaidia kushusha mashine yake, tukasikia kilio kimeanza katika lupango, ua wa nyumba ya jirani.

Mzee wa hapo, aliyekuwa na boti yake mwenyewe, alikuwa amefariki. Walikuwa Waislamu, watu wa ziwa tangu zamani, na lupango lao lilipakana na ghala tuliloazima kwa kazi yetu. Walimzika siku ileile kabla ya alasiri. Nani atapiga ngoma penye matanga? Si kwamba kuna polisi. Ni kwamba ukipiga, mtoto wako siku moja atakufa na watu watapita nje wanapiga mluzi.

Wapiga ngoma walikwenda wenyewe kuziondoa ngoma juani. Yule wa Bujumbura aliwatazama, akapenga kamasi, akauliza, "Sasa itakuwaje?"

Yaya alichukua kuni begani, mimi nikachukua unga, tukaenda kukaa matangani kama watu wote. Mama mjane alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Tulikaa muda wa kutosha, nasema hivyo kwa sababu baadaye wengine walisema tulikwenda kwa ajili ya diski tu. Tulikwenda kwa yote mawili.

"Mama," yaya akasema mwishoni, "tulikuya kwanza kulia na we. Halafu tuko na neno, lakini haina haraka."

"Sema. Mwenye kulia iko na masikio."

Yaya akaeleza. Mama mjane akasikiliza hata habari ya violini.

"Ngoma hapana," akasema. "Tarumbeta hapana. Kitu yenye kuinua miguu, hapana. Bantu beko kwa mukeka, ninyi munapiga ngoma, batasema mi nimefurahi."

Mmoja wa wanawake akasema chini ya mtandio wake, "Wengine hata bila ngoma banasema," na wakacheka kidogo, kwa namna watu wanavyocheka msibani, kichwa kimeinama.

"Na ile sanduku ya kanisa?" yaya akauliza.

"Ile yenye kupumua kwa shida?" Mama mjane akauliza. "Ile mupige. Muzee alikuwa anaketi hapa kwa lupango kila siku ya Mungu, anaisikiliza. Alikuwa anasema ni moteri ya boti yenye imeokoka." Akanigeukia. "Ni we njo unaipiga?"

"Ndiyo, mama."

"Piga polepole. Usimuamshe."

Kwa hiyo wimbo uliokuwa rumba ya kuchezwa ukawa kitu kingine. Sisemi ukawa bora. Wapiga ngoma wawili walilia machozi, na walikuwa na haki, kwa sababu sehemu nzuri kabisa ya mazoezi ilikuwa ya kwao.

Asubuhi iliyofuata wanaume wanne walibeba armonium kutoka shuleni mabegani, imefunikwa kitenge kwa sababu ya vumbi. Njiani akina mama waliokuwa wanaelekea matangani waliiona, wakaweka vyombo chini, wakaanza kulia. "Ni nani tena?" Mmoja wa wabebaji akafunua pembe ya kitenge, wakaona mbao na pedali, wakatutukana vizuri, wakaendelea na safari yao.

Ghala lilikuwa la ndakala, samaki wale wadogo wakavu, na magunia yalijaa mpaka juu. Yule wa Bujumbura alifurahi. Alisema magunia yanakula mwangwi. Penye ukuta mtupu akatundika nyavu na mablanketi, akaweka mikro yake moja ya kunasa sauti katikati, akaanza kutupanga kama mtu anayepanga vyombo mezani. Yaya karibu, na gitaa lake kavu, lisilo la umeme. Wasichana wa kwaya nyuma, wamekaa juu ya magunia. Mimi kwenye kona. Vijana wa Bibokoboko mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu sauti zao zilikuwa kubwa, na pia kwa sababu hawakuivumilia harufu ya samaki. Mchana ule ulikuwa mweupe, ziwa limelala, rasi ya Ubwari inaonekana kule kama mtu aliyejifunika shuka. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndakala nasikia kwanza kimya kile.

Yaya aliwaambia vijana wa milimani, "Muimbe kama vile munaita ngombe kwa ukungu."

Wakaulizana kwa lugha yao. Mkubwa wao akasema, "Ngombe gani?"

"Ngombe yoyote."

"Hakuna yoyote. Kila moja iko na jina yake na wimbo yake. Sema ni gani."

Yaya akafikiri. "Yenye imepotea."

Hapo hawakuuliza tena. Walitazama chini, kila mmoja kama ana wake, wakajaribu kidogo, na nywele za mikono yangu zikasimama.

Wimbo ulikuwa wa mapenzi, mtu anamfuata msichana njiani kupanda mlima. Sehemu ya kwanza ilikuwa yaya peke yake na gitaa:

*Ukungu umeshuka, njia imepotea,
niite tu jina, nitafuata sauti.*

Kisha, katika mazoezi, ngoma ilikuwa inapiga mara mbili na wote wanaingia. Sasa ngoma haikuwako, na kila tulipofika pale mmoja alitangulia, mwingine alichelewa. Tulirudia na kurudia. Wa Bujumbura alipiga chafya, mkanda ukaharibika, tukarudia.

"Nani anawaingiza?" akauliza.

Mimi si msemaji, lakini nikaona hakuna mwingine. "Kanisani mi nashika sauti moja, halafu kimya, halafu wote tunaimba."

"Basi fanya hivyo."

Yaya akaimba sehemu yake, akaacha gitaa lizime. Nikasukuma pumzi kwa pedali nzima, nikashika. Sauti ile nzito ikajaa ghala. Na wasichana wote wa kwaya, waliokuwa wamekaa juu ya magunia, wakasimama. Hawakukubaliana. Miguu yenyewe. Kisha midomo yao iliyofungwa ikaingia, na vijana mlangoni wakaanza kuita kile kilichopotea, na yaya juu ya yote, polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Ukiisikiliza diski vizuri, pale kabla ya kuingia, utasikia magunia yanalia chini yao. Wa Bujumbura alisema tuache hivyo. Alikuwa ameshika leso puani na hajapiga chafya.

Upande wa pili wa diski alitaka wimbo wa Chama. Alisema bila hiyo diski haitapita popote. Orkestra iliujua usingizini, ni wimbo wa makofi na viuno. Lakini makofi pia ni ngoma, na ahadi ni ahadi. Tukauimba kwa armonium na midomo, polepole. Boti ilipiga filimbi tukiwa bado tunakunja nyavu.

Diski zilirudi baada ya mvua kuisha, ndani ya katoni iliyofungwa pamoja na sabuni. Wenye baa wa Baraka walizichukua kwa furaha kwa sababu yaya alikuwa mtoto wa mji. Niliyoyaona mwenyewe ni haya: ilipowekwa, watu waliokuwa wanacheza walikaa. Hawakukasirika. Walikaa, wakatazama glasi zao, mmoja akaomba iwekwe nyingine. Mwenye baa alimwambia yaya, "Ndugu, diski yako ni muzuri, lakini inanimalizia bantu. Banakumbuka bibi zao, banarudi nyumbani."

Moja ilipelekwa radio ya Bukavu. Tulingoja jioni nyingi. Haikupigwa. Yaya aliambiwa na mtu, aliyeambiwa na mtu wa huko, kwamba waligeuza upande wa pili kwanza, wakasikia wimbo wa Chama unaimbwa vile, bila makofi, na armonium, wakatazamana. Ilikuwa kama Chama kimekufa na sisi tunakizika. Wakairudisha ndani ya mfuko wake taratibu. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Labda hawakuipenda tu.

Ikabaki papa.

Tuliazima mashine ya diski kwa mwenye baa, tukaileta imefunikwa, kwa heshima ya nyumba ya shemasi. Ilikuwa siku ya Mungu baada ya ibada. Papa bado alikuwa na koti lake. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja. Mama alikuwa mlangoni na maharagwe yake. Yaya akapiga magoti kando ya mashine, akashusha sindano.

Gitaa likaanza, na papa hakuinuka. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona gitaa linapigwa na papa amekaa. Yaya wa ndani ya diski akaimba habari ya ukungu. Yaya wa kwenye sakafu hakupumua. Papa alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza ubao anaougonga kuona kama umeoza, na uso wake haukuwa mbaya. Mama aliacha maharagwe. Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi.

Gitaa likazima. Armonium ikavuta pumzi, sauti moja nzito ikajaa nyumba, na papa akasimama.

Alisimama wima, mikono imeshuka, kama kanisani. Hata macho aliyafumba. Sauti za wasichana zilikuwa zimeshaingia alipoyafumbua na kujiona yuko juu. Yaya akainua sindano.

Kuku alipita mlangoni.

"Haukukasirika," mama akasema.

"Sikukasirika."

"Basi keti."

"Nilisema nikisimama. Sikusema nikikasirika."

"Miguu yako njo ilisimama, hapana we."

"Na miguu ni ya nani?"

Mama akamgeukia yaya. "Mwambie. Ni mambo ya armonium. Kila muntu angesimama."

Yaya alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sijalijua mpaka leo. "Papa alisimama, mama. Mi niliona. We pia uliona."

Nilijaribu kusema kwamba diski haikuwa imefika mwisho, kwamba anayetaka kuhukumu angoje iishe. Papa alinisikiliza, kwa sababu alikuwa anasikiliza kila mtu. "Mutoto iko na haki," akasema. "Irudishe pale ulipoikata."

Yaya akashusha sindano. Papa aliusikiliza wimbo wote uliobaki akiwa amesimama, wasichana, na wale vijana wa Bibokoboko, mpaka sindano ikaanza kukwaruza peke yake.

"Imeisha?"

"Imeisha, papa."

Ndipo akakaa.

"Ni wimbo muzuri," akasema. "Lakini nilisimama."

Nimelifikiria sana jambo hili, na sijaweza kulipanga upande mmoja. Mama aliona kwamba papa alimpoteza mtoto kwa kiburi cha neno lake. Inawezekana. Lakini papa angeweza kulipindisha neno hilo kwa faida yake au kwa faida ya yaya, na hakulipindisha kwa yeyote. Na yaya angeweza kubishana, tena angeshinda. Alikuwa ameziona baa zimekaa kimya, alikuwa amengoja radio. Labda alichoka, na miguu ya papa ilimpa mlango. Au labda alimheshimu tu. Kuhusu mikono yangu mimi, ilijua kuanza wimbo kwa njia moja. Ningejua mbili, sijui.

Boti ya Kalemie iliondoka asubuhi yenye ukungu mwembamba juu ya maji. Papa alibeba sanduku la yaya kichwani, alikataa kupokewa, na mimi nilikuja nyuma na chakula cha njiani. Tulipita lango la mama mjane, aliyekuwa anafagia, akatubariki kwa fagio mkononi. Nilidhani watatembea kimya. Lakini tulipopita ghala la ndakala papa akasema, bila kugeuza kichwa, kwa sababu ya sanduku:

"Pale armonium inaingia. Juu ya nini mulingoja vile?"

"Pedali moja inavuja, papa. Huyu wa nyuma alikuwa anatafuta pumzi."

"Hapana, ni muzuri vile. Lakini sauti ya pili iko chini sana."

"Wasichana balikuwa na woga."

"Sauti ya pili haina woga. Ingepanda hapa." Na papa akaivuma, sanduku kichwani, midomo imefungwa.

"Hapo ingegongana na bale ba Bibokoboko," yaya akasema.

"Igongane kidogo. Kugongana kidogo haina mubaya."

Waliendelea hivyo mpaka majini. Katika nyumba yetu hawakuwahi kuzungumza juu ya wimbo, hata wa kitabu. Nahodha aliita mara nyingi. Yaya alipanda akiwa bado anaeleza, papa akiwa ndani ya maji mpaka magotini bado anabisha, na moteri ilipowaka hawakusikilizana tena. Basi papa akainua mkono, akaanza kumwonyesha mwendo, juu, chini, kando, namna sauti ya pili ilivyopaswa kwenda. Boti ilikuwa inaingia katika ukungu. Yaya alisimama nyuma, akamtazama papa vizuri, kisha naye akainua mkono wake akamjibu: hapana, papa, polepole zaidi.